Senta loki ya vakyumu kwenye Mercedes-Benz W123: kuusaka uvujaji bila kubahatisha

Injini ya dizeli ya W123 ikikataa kuzima wakati ufunguo umeshazungushwa, kila mtu hukimbilia boneti. Hushukiwa pampu ya nozeli, hushukiwa swichi ya ufunguo, na mwisho wake kosa hukutwa ndani ya mlango wa nyuma, kwenye kipande cha mpira chenye ufa mdogo kama punje ya mchele. Senta loki ya gari hili, yaani mfumo wa kufunga milango yote kwa pamoja, haina injini za umeme milangoni. Inaendeshwa na vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa, na vakyumu hiyohiyo ndiyo inayozima injini. Loki zikivuja, kizimio, yaani kifaa cha kuzima injini, kinakosa nguvu.

Gari likigoma kuzima namna hiyo, fungua boneti utafute kileva kilichoandikwa STOP kwenye upande wa pampu ya nozeli. Kikandamize mpaka injini inyamaze. Usiizime kwa kuingiza gia na kuachia klachi kila siku. Hiyo ni dharura ya mara moja, si mazoea.

Injini ya petroli hufyonza vakyumu yake kwenye manifoldi ya hewa. Dizeli haina kitu cha kuibana hewa inayoingia, kwa hiyo imefungwa pampu ya vakyumu mbele ya injini. Kutoka hapo bomba nene linaelekea kwenye busta ya breki (kifaa kinachoongezea mguu nguvu kwenye pedali), na juu ya bomba hilo kuna viungo vidogo vinavyogawa vakyumu kwa wengine: kizimio cha injini, giaboksi kama ni ya otomatiki, vifuniko vya hewa vya kiyoyozi kwa magari yenye mfumo huo, na senta loki. Kabla hujagusa mlango wowote, hakikisha breki ziko salama. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iache mguu ukiwa juu yake kwa uzito wa kawaida, kisha washa. Pedali lazima izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, sahau loki kwanza.

Upande wa loki umepangwa hivi. Kipaipu chembamba cha plastiki ngumu kinatoka kwenye injini, kinapita vali ya njia moja, kinajaza tangi la akiba lililojificha nyuma ya kadi (vifuniko vya ndani) za buti, na vakyumu hiyo inafika kwenye vali iliyofungwa ndani ya mlango wa dereva. Mlango wa dereva wenyewe hufungwa na ufunguo au pini kwa mkono. Kazi ya vali ni kutazama loki imekaa wapi na kupeleka vakyumu upande unaotakiwa. Kuna njia mbili zinazotoka kwenye vali: moja ya kufunga, nyingine ya kufungua. Zote mbili hutapakaa mpaka kwenye milango mitatu iliyobaki, buti na kifuniko cha tangi la mafuta. Kila mlango una kopo lenye diaframu (utando wa mpira) ndani, na kopo hilo lina pua mbili. Vakyumu ikivuta upande mmoja, kijiti kinashuka na mlango unafungwa. Ikivuta upande wa pili, kijiti kinapanda.

Hapa kuna jambo ambalo likieleweka vizuri, nusu ya kazi imekwisha. Vali ya dereva haitoi vakyumu kwa sekunde moja kisha ikakata. Inaiacha imeunganishwa na upande uliochaguliwa muda wote. Gari likiwa limefungwa, tangi la akiba liko wazi kwa njia ya kufunga usiku kucha, huku njia ya kufungua ikiwa imeachiwa hewa ya kawaida. Likiwa limefunguliwa, ni kinyume chake. Kwa hiyo gari lenyewe linaweza kukuambia upande unaovuja. Liendeshe kidogo ili tangi lijae, lizime, liache limefungwa usiku kucha, na asubuhi jaribu kufungua bila kuwasha injini. Usiku unaofuata rudia, ila safari hii liache limefunguliwa na asubuhi jaribu kufunga. Kama baada ya kulala limefungwa tangi ni tupu, lakini baada ya kulala limefunguliwa bado lina nguvu, uvujaji uko kwenye njia ya kufunga: paipu zake, viungo vyake, au upande wa kufunga wa kopo mojawapo. Kama tangi linaisha kwa hali zote mbili, kosa liko kwenye sehemu ambayo pande zote zinashirikiana, yaani vali ya njia moja, tangi lenyewe, paipu ya kati au vali ya mlango wa dereva. Inawezekana pia makopo yamechoka pande zote, na kwa magari ya umri huu si ajabu.

Dalili nyingine nazo zina maana yake. Loki zikifanya kazi vizuri injini ikiwa inaunguruma na kufa mara tu inapozimwa, pampu ni nzima ila akiba haikai. Mlango mmoja tu ukigoma na mingine ikifuata, anza na uzito wa loki ya mlango huo kabla ya kulaumu diaframu. Zote zikifuata polepole, kama zinasita, kuna uvujaji mdogo ambao pampu bado inaumudu. Mlio mfupi wa hewa wakati wa kuzungusha ufunguo ni wa kawaida, kwa sababu upande ulioachwa unapumua. Mlio unaoendelea ndio wa kuufuata.

Vifaa vyenyewe si vingi. Pampu ya vakyumu ya mkono yenye geji ndiyo muhimu kuliko vyote. Bila hiyo utabaki kubahatisha. Ongeza viungo vya T vya plastiki, mpira wa vakyumu wenye ukuta mnene na tundu la milimita 3 hadi 4, skrubu kadhaa zenye shina laini za kuzibia paipu, tepu ya kuandikia, wembe mkali, na kipande cha mpira cha nusu mita cha kusikilizia: ncha moja sikioni, nyingine unaipitisha polepole juu ya viungo. Kipande hicho hupata uvujaji ambao sikio tupu halilisikii hata kidogo.

Maji ya sabuni hayasaidii hapa. Watu huyapaka kwa sababu wameyazoea kwenye matairi na gesi, lakini tairi linasukuma hewa nje na povu linaonekana. Vakyumu inavuta ndani. Sabuni hufyonzwa na ufa, hakuna povu, na sasa una maji kwenye kopo. Kompresa nayo iweke mbali: diaframu za W123 zimetengenezwa kuvutwa, na upepo wa kompresa unaweza kuzipasua kwa kubonyeza mara moja tu.

Kipimo cha kwanza kichukuliwe kwenye chanzo. Weka kiungo cha T karibu na bomba la busta, washa injini iwe ya moto na iwe sailensa (iungurume polepole bila kukanyagwa mafuta), soma geji. Pampu nzuri, kwenye usawa wa bahari, hutoa zaidi ya inchi 20 za zebaki, ambazo ni kama bar 0.68 chini ya hewa ya kawaida. Ukiwa sehemu ya juu, toa takriban inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwenye mita 1,500 usishangae kuona namba iko pungufu kwa inchi 5 hivi na pampu bado ni nzima. Fundi anayefanya kazi nyanda za juu na kufuata namba za kitabu bila kufanya hesabu hii atabadilisha pampu isiyo na kosa.

Kama geji inasoma chini, usiihukumu pampu bado. Chomoa kipaipu cha senta loki kwenye kiungo chake cha kugawa, ziba pua iliyobaki wazi, na soma tena. Namba ikipanda na injini ikaanza kuzima vizuri kwa ufunguo, umeshajua mdaiwa ni nani. Kizibo hicho kinaweza kubaki hapo kwa muda wote unaotafuta kosa: gari litazima kama kawaida na breki zitabaki na haki yake, ila tu milango utaifunga mmoja mmoja. Tunapendekeza hivyo kwa yeyote anayelitumia gari kila siku.

Sasa hamia kwenye kile kipaipu ulichokichomoa. Chomeka pampu ya mkono na anza kuvuta. Hapa watu wengi hukata tamaa mapema. Tangi la akiba lina nafasi kubwa na pampu ya mkono inavuta hewa kidogo kila mkupuo, kwa hiyo geji itakaa chini kwa mikupuo mingi kabla haijaanza kupanda. Kutopanda haraka si uvujaji. Endelea mpaka inchi 15, kisha acha na utazame sindano. Fanya hivyo loki ya dereva ikiwa imefungwa, halafu ikiwa imefunguliwa, na uandike sindano imeshuka kiasi gani kwa dakika moja kila upande. Mfumo mzuri hauonyeshi kushuka kwa macho ndani ya dakika hiyo. Ukishuka inchi 1 au 2, loki zitafanya kazi jioni na kugoma asubuhi. Ukishuka mpaka sifuri ndani ya sekunde chache, kuna paipu iliyochomoka au diaframu iliyopasuka, na hiyo ndiyo rahisi kuipata.

Vali ya njia moja hupimwa kwa mdomo au kwa pampu: inapitisha upande mmoja na kukataa kabisa upande wa pili. Ikipitisha hata kidogo upande wa kukataa, ibadilishe, haitengenezeki. Iwekwe kwa mwelekeo unaoruhusu hewa kutoka kwenye tangi kuelekea injini. Ikigeuzwa, tangi halijai kamwe, na tumeona magari yaliyokaa hivyo muda mrefu baada ya mtu kusafisha injini na kurudisha vitu kwa kukisia.

Tangi la akiba ni la plastiki, na linapopasuka hupasuka kwenye mshono au penye pua. Litoe, ziba pua, vuta inchi 15, subiri. Ufa wa mshono unaweza kuzibwa kwa gundi ya epoksi ya plastiki ukikwaruza eneo kwa msasa na kulisafisha mafuta kwanza. Hapo ndipo mahali pekee kwenye mfumo mzima ambapo gundi tunaikubali. Kwenye mipira, gundi ya haraka hukauka ikawa kioo na kupasuka mpira unapojikunja, na silikoni ya bomba hufyonzwa ndani kabla haijakauka, ikaziba njia. Mpira wenye ufa hubadilishwa.

Kugawanya mfumo ndiko kunakookoa muda. Paipu za loki hukutana kwenye viungo vya mpira vyenye matawi kadhaa, chini ya zulia na pembeni karibu na vizingiti vya milango. Zina mistari ya rangi inayotofautisha kufunga na kufungua, lakini rangi zimefifia na gari limepita mikononi mwa watu, kwa hiyo usiziamini peke yake. Vuta kwa pampu na uone pini zinapanda au zinashuka, kisha bandika tepu yenye maandishi yako mwenyewe. Baada ya hapo chomoa tawi moja, ziba tundu la kiungo kwa skrubu, vuta, tazama. Kama sindano sasa inakaa, kosa liko kwenye tawi ulilolichomoa. Kama bado inashuka, liache limezibwa na uende kwenye linalofuata. Usirudishe tawi na kuchomoa jingine: ukiwa na uvujaji sehemu mbili kwa wakati mmoja, utazunguka siku nzima ukiamini kila tawi ni zima. Ziba yote, kisha rudisha moja moja.

Viungo hivyo vya mpira vyenyewe ndivyo vya kwanza kukaguliwa, kwa sababu ni vya bei ndogo na hufa kabla ya makopo. Vikunje kwa vidole; ufa uko upande wa ndani wa kona na hauonekani mpira ukiwa umenyooka. Asubuhi yenye baridi mpira mkavu hukakamaa na kuvuja, jua likipanda unalainika na kushika tena. Mteja akisema loki zinagoma asubuhi tu, anza na mipira. Paipu ya plastiki yenyewe hupasuka kwenye ncha, pale ilipoingizwa. Kata sentimita 1 kwa wembe, kata iwe mraba, ingiza tena kwenye mpira mpya. Ikikatika katikati, kata pande zote mbili ziwe safi na uunge kwa kipande cha mpira mnene cha sentimita 3 au 4, ncha mbili za plastiki zikigusana ndani. Hakuna haja ya kibano, vakyumu inauvuta mpira ujikaze. Mpira mwembamba kama ule wa tangi la samaki hauwezi: hujikandamiza ukaziba, na utaona mlango unafuata kwa uvivu huku geji ikiapa kwamba hakuna kinachovuja.

Mahali pa pili pa kukagua ni pale paipu zinapovuka kutoka bodi kwenda mlangoni, ndani ya ule mpira wa mikunjo. Kila mlango unapofunguliwa paipu inapinda palepale, na baada ya miaka hupasuka bila kuonekana kutoka nje. Vuta ule mpira utoke upande wa bodi, sogeza paipu, tazama huku pampu ikiwa imeshika vakyumu na mtu anafungua na kufunga mlango taratibu. Sindano ikishuka mlango ukiwa nusu wazi tu, umepata.

Kama tawi limekuelekeza kwenye kopo, sasa ndipo kadi ya mlango inatoka. Toa pini ya loki kwa kuizungusha, toa skrubu za mkono wa kuvutia mlango, toa hendeli ya kioo kama ni ya kuzungusha, na urembo unaozunguka kifungulio. Kadi imeshikwa na klipu pembezoni, na juu imening'inia kwenye ukingo wa dirisha, kwa hiyo ukishaachia klipu inainuliwa juu. Usiivute kuja kwako. Kadi za umri huu zimelainika kwa unyevu na klipu hutoka na kipande cha kadi. Ingiza kifaa bapa cha plastiki karibu kabisa na kila klipu, si katikati ya mbili.

Nyuma ya kadi kuna karatasi ya plastiki. Wengi huichana kwa haraka, na mvua ya kwanza zulia linalowa, kwa sababu maji yanayopita kwenye kioo hushuka ndani ya mlango na karatasi ndiyo inayoyaelekeza chini kwenye matundu ya kutokea. Ibandue taratibu kuanzia kona, acha gundi nyeusi kwenye bati, na irudishe ukiikandamiza pale pale. Ikiwa imeshachanika, kata mpya kwa plastiki nene na utumie gundi ya butili isiyokauka. Wakati uko hapo, pitisha waya kwenye matundu ya chini ya mlango. Mlango unaokusanya maji unaozesha bati kuanzia ndani.

Kopo hupimwa kabla ya kutolewa. Chomoa mipira yote miwili, chomeka pampu kwenye pua moja, vuta inchi 15. Kijiti kinatembea safari yake yote na sindano inasimama. Rudia pua ya pili. Upande mmoja unaweza kuwa mzima na wa pili umepasuka, na ndiyo maana gari hufungika vizuri na kukataa kufunguka. Usipokuwa na pampu kuna njia ya kidole: sukuma kijiti mpaka mwisho, ziba kwa kidole pua ya upande ambao umetoa hewa, kisha jaribu kukirudisha. Diaframu nzima itakukatalia, utahisi kijiti kikivutwa kurudi. Iliyopasuka inakuja bila ubishi.

Diaframu hupasuka kwenye mkunjo, pale mpira unapojiviringisha kila loki inapotembea. Makopo mengi ya plastiki yameshikwa na meno pembezoni na yanaweza kufunguliwa kwa bisibisi mbili ndogo, ukianza kwa kuchora mstari unaopita vipande vyote ili virudi vilivyokuwa. Fanya kazi hiyo kopo likiwa na joto la mwili au zaidi. Plastiki baridi ya miaka 40 huvunja meno. Kuna diaframu mpya zinazouzwa peke yake kwa ajili ya makopo haya, na ukizipata ni kazi ya dakika chache. Kiraka hakikai kwenye mkunjo. Kopo la kung'olewa kwenye gari lililochinjwa lina umri uleule wa lako, kwa hiyo lipime palepale kwa pampu kabla hujatoa pesa, pande zote mbili.

Mpira upakwe grisi ya silikoni, kidogo sana. Oili ya injini, grisi ya beringi na zile dawa za kupuliza zenye mafuta ya petroli huufanya mpira uvimbe na kulegea. Ukikuta oili nyeusi ndani ya paipu za loki, usiridhike kuzisafisha tu. Fuata oili mpaka kwenye pampu ya vakyumu na busta, maana busta iliyoingia oili ni suala la breki.

Kabla ya kununua kopo lolote, hata hivyo, chomoa kijiti chake na usogeze loki ya mlango kwa kidole. Tukichukua diaframu yenye kipenyo cha sentimita 4, eneo lake ni kama sentimita mraba 12.5; kwa vakyumu ya bar 0.6 inavuta kilo 7.5 hivi. Tangi likishuka mpaka bar 0.3 zimebaki chini ya 4. Loki yenye grisi iliyogeuka kuwa nta hula nguvu hiyo yote, na kwenye gari hilo kopo jipya litafanya kazi wiki mbili za kwanza injini ikiwa imewashwa, kisha malalamiko yanarudi. Safisha loki kwa brashi na kiosha breki, lakini funika mipira na rangi ya mlango kwanza, kausha, paka grisi nyeupe nyembamba kwenye viungo. Pini inatakiwa ishuke na kupanda kwa kidole kimoja, bila kukwama mahali. Angalia pia vijiti vilivyopinda na vishikizo vya plastiki vilivyovunjika: kijiti kinachosugua bati ni kosa ambalo hakuna vakyumu itakayolitibu.

Unapofunga kopo, skrubu zake usizikaze moja kwa moja. Sogeza loki juu na chini, hakikisha kijiti kinafika mwisho pande zote bila kopo kukiwekea mpaka mapema, ndipo ukaze. Kisha shusha kioo mpaka chini kabisa na ukipandishe, ukitazama paipu haziguswi na mkono wa kioo. Jaribu loki mara kadhaa kwa pampu kadi ikiwa bado nje.

Vali ya mlango wa dereva tumeiacha mwisho makusudi, kwa sababu hushukiwa kupita kiasi. Ina pua tatu: ya vakyumu inayoingia na mbili za kutoka. Vuta kwenye pua ya kuingilia huku ya kufunga ukiwa umeiziba, loki ikiwa imefungwa, lazima ishike. Fungua loki, hamisha kizibo kwenye pua ya pili, vuta tena. Ikivuja katikati ya safari tu si kosa, ikivuja kwenye mwisho wa safari ndiyo mbovu, au kijiti kinachoisukuma hakiifikishi mwisho. Hilo la pili hutokea baada ya loki ya dereva kufunguliwa na kurudishwa ovyo.

Buti na kifuniko cha mafuta vina mambo yao. Loki ya buti inaweza kuwekwa kwa ufunguo ibaki imefungwa peke yake, ikipuuza senta loki, na mtu asiyejua hilo hutengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Jaribu kwanza mikao yote ya ufunguo. Kifuniko cha mafuta kikikataa kufunguka kituoni, toa kadi ya upande wa kulia ndani ya buti na uvute pini ya kopo kwa mkono. Pini hiyo hushika kutu kwa maji yanayoingia kwenye tundu la mafuta, kwa hiyo isafishe na kuipaka grisi hata kama leo inafanya kazi. Jua pia kwamba kwenye W123 ni mlango wa dereva peke yake unaoamuru mingine. Ufunguo kwenye mlango wa abiria unafunga mlango huo tu, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa.

Kuna wanaochoka na kufunga mota za umeme za volti 12 kwenye kila mlango. Zinafanya kazi, ila kwa dizeli hii vakyumu itaendelea kuhitajika kwa breki na kizimio, kwa hiyo hujaondoa mfumo, umeongeza wa pili. Ukiamua hivyo, ziba njia ya loki palepale kwenye injini, na uchomoe mipira kwenye makopo yote. Kopo lililobaki limezibwa pua zote mbili hugeuka kuwa breki inayopingana na mota.

Kwa wenye Mercedes za W201 na W124, sehemu kubwa ya haya inabadilika. Huko kuna pampu ya umeme na njia moja tu ya hewa: pampu inavuta kufunga, inasukuma kufungua. Kwa kuwa sasa kuna msukumo, kiungo kilicholegea ambacho kwenye W123 kingejikaza chenyewe hapa kinachomoka wakati wa kufungua, kwa hiyo mipira ibane kweli kwenye paipu. Pampu nzima hukimbia sekunde chache na kujikata. Ikiendelea kuvuma kwa muda mrefu kabla ya kunyamaza, inatafuta shinikizo isilolipata. Chomoa paipu inayotoka kwenye pampu, ziba pua kwa kidole gumba, na mtu azungushe ufunguo. Ikijikata haraka, pampu ni nzima na uvujaji uko kwenye paipu au makopo. Ikiendelea kuvuma huku kidole kimeziba, ndani imechakaa. Isipolia kabisa, angalia fyuzi, kisha swichi ndogo ya kwenye loki ya dereva, kisha waya zinazopita kwenye mpira wa mlango. Pampu imelazwa ndani ya sponji ili isipige kelele, na sponji hiyo hunyonya maji. Ukiikuta imelowa, kausha na tafuta maji yanakoingilia kabla ya kurudisha pampu ndani yake.